Mbwa wa Kwenye Mipaina

Kasian hakuwa mtu wa kupenda mbwa, na hilo alilisema kilabuni waziwazi. Kwa hiyo mtu asiniulize ilikuwaje mgema ulanzi huyu wa Igowole, mwenye ulimi mkali namna ile, akaanza kutia ukoko wa ugali mfukoni kila asubuhi akienda kugema pombe hiyo kwenye mianzi yake.

Sababu ilikuwa mbwa koko mmoja wa kahawia, aliyezaliwa kwenye msitu wa mipaina, hajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Siku ya kwanza alisimama mbali, karibu na barabara ya malori. Kasian akamtupia ukoko, akaendelea kugema. Wiki iliyofuata mbwa akasogea. Mvua zilipokolea alikuwa analala hatua tano tu kutoka miguuni pake, na ngedere waliokuwa wakiharibu machipukizi ya mianzi wakahama wenyewe.

"Ndivyo ilivyoanza, baba," akasema binti yake Faustina, mwalimu wa baiolojia. "Mbwa mwitu wa nchi za baridi, siyo hawa wetu wa Ruaha, walisogelea makambi ya watu kufuata mabaki. Wasio na woga sana wakashiba, wakazaa. Ikachukua maelfu ya miaka hadi wakawa mbwa."

"Maelfu! Huyu wangu atafika kabla ya Pasaka."

Basi mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba kichaa cha mbwa kimeingia kata ya jirani. Alhamisi ni chanjo, uwanja wa shule. Mbwa atakayekutwa Ijumaa bila utepe mwekundu shingoni atapigwa risasi.

Lo! Kasian akakosa raha. Utamchanjaje mbwa usiyeweza kumgusa? Ndipo akafanya upuuzi ambao ni mgema peke yake angeufanya: akaloweka ukoko kwenye ulanzi mkali wa siku tatu, ili mbwa alewe, yeye ambebe hadi shuleni. Mbwa akanusa, akamtazama, akageuka, akarudi zake kwenye mipaina. Kesho yake, Jumatano, hakuja. Jamani, Kasian aliona aibu kubwa kuliko aliyowahi kuona mbele ya padri.

Alhamisi akaenda shuleni mikono mitupu.

"Kamwene, mzee Kasian," akasema Rabson, bwana mifugo.

"Kamwene. Nipe utepe, nitamvalisha mwenyewe."

"Mzee wangu, utepe hauchanji."

Akageuka kuondoka, roho inamuuma. Pale getini akamwona yule wa kahawia amesimama, anatetemeka, mkia kaufyata. Kumbe alikuwa amemfuata kwa mbali njia nzima. Kasian akachuchumaa. Safari hii hakuwa na ukoko wala chochote. Mbwa akapita katikati ya makelele yote yale, polepole, akaja kumwekea kichwa gotini. Kwa mara ya kwanza Kasian akamgusa. Alikuwa na joto.

"Mshike vizuri shingo," Rabson akasema, "ila huyu atakung'ata, nakuambia."

Sindano ikaingia. Mbwa akageuka ghafla, akaudaka mkono wa Kasian kwa meno yote. Watu wakapiga yowe. Meno yakakaa juu ya mshipa, na hakuna ambaye angeweza kuyazuia. Hayakufunga. Yakatetemeka, yakaachia, kisha ulimi ukapita palepale yalipokuwa.

Kasian akalia mbele za watu, mtu mzima na ulimi wake mkali.

"Mmeona?" akawaambia. "Hakuna aliyemfundisha. Amejizuia mwenyewe."