Claudette wa Kwenye Ripoti

Saa tatu kamili asubuhi ya Jumanne, Claudette Pelkey alisaini daftari la mahudhurio katika Kituo cha Ajira cha Varney Falls, akachukua donati moja, akaketi kwenye kiti kilichobandikwa karatasi iliyoandikwa FOKLIFTI. Viti vilikuwa kumi na viwili. Foklifti yenyewe, gari la kunyanyulia mizigo, haikuwepo. Kituo kiliiomba kwa Bodi ya Nguvukazi ya Jimbo miezi saba nyuma, na Bodi ikatuma picha yake, kubwa, ya rangi, ikabandikwa ukutani. Wanafunzi waliitazama, wakashika usukani usiokuwepo, wakarudi kinyumenyume na viti vyao huku wakilia pi-pi-pi kwa midomo.

Claudette alikuwa na miaka hamsini na minne. Alisimamia mashine namba tatu ya kiwanda cha karatasi kwa miaka ishirini na saba, hadi kiwanda kilipofungwa, majengo yakabomolewa na mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Tangu hapo alikuwa amefuzu mafunzo matatu ya Bodi: kuandika barua ya kuomba kazi, kutabasamu kwenye usaili, na kudhibiti hasira. Hili lilikuwa la nne. Vyeti alivitundika chooni.

"Taratibu bwana, utaniua!" alisema Armand Thibodeau baada ya kiti chake kugongwa na cha Claudette. Armand alikuwa fundi umeme wa kiwanda hichohicho.

"Ufe tu, angalau utapata pa kwenda."

Darasa zima likacheka. Ndipo Kelsey Burdick, ofisa wa kituo, akachungulia mlangoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwema, mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele.

"Bi Claudette, njoo mara moja."

Ofisini alimweleza. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Bodi ilitaka kila kituo kioneshe kwamba watu sabini katika kila mia wamepata kazi. Varney Falls ilikuwa na tisa, na wawili kati yao walishafariki. Kituo kisichofikisha hesabu hunyang'anywa fungu lake na kufungwa.

"Kwa hiyo nimekuandika umeajiriwa, wewe na wenzako wote," alisema Kelsey.

"Wapi?"

"Kituo cha Usafirishaji cha Riverside."

"Ndiyo wapi huko?"

"Pale kilipokuwa kiwanda."

"Pale pana majani matupu, mwanangu."

"Kwenye mpango wa miaka mitano pana kituo." Kelsey alitazama mezani. "Ni neno tu, Bi Claudette. Halitakudhuru."

Ripoti ilipelekwa Ijumaa. Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Claudette alikuwa dirishani akisubiri kahawa ichemke, akajiona akishuka barabara inayoelekea kiwandani. Alikuwa amevaa jaketi jipya lenye mistari ya kung'aa, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Nyuma yake walifuata wengine mia mbili na kumi na mmoja, wote watu wa Varney Falls, kila mmoja na kikasha chake cha chakula. Armand alikuwa na meno yote.

Simu ikaita.

"Umeniona?" aliuliza Armand.

"Nimekuona. Umependeza."

"Miaka thelathini sijawahi kufika kazini mapema. Leo nimewahi."

Watu wa kwenye ripoti walijipanga mistari minne katika ule uwanja wa majani kando ya mto, pale kilipokuwa kiwanda, wakasimama hapo tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hawakubeba kitu, kwa kuwa hakukuwa na cha kubeba. Jioni wakatawanyika kwenda majumbani, maana anwani zao kwenye ripoti zilikuwa zilezile. Claudette alipofungua mlango alimkuta mwenzake wa kwenye ripoti ameshafuta viatu. Alimpa chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mama yake. Mwenzake hakula wala hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akisubiri saa moja na nusu.

Kufikia Alhamisi mji ulikuwa umeshawazoea. Mwenye duka la vyakula tu ndiye aliyelalamika, kwamba watu wote hao wenye kazi na hakuna anayenunua hata mkate.

Wiki ya pili zikaja barua. Ya kwanza ilisema malipo ya wasio na kazi ya Claudette Pelkey yamesitishwa, na ikampongeza. Ya pili ilikuwa na kadi ya bima ya afya. Mwenzake aliichukua, akaitia mfukoni.

"Unaumwa chochote?" Claudette alimuuliza.

"Hapana."

"Mimi nina presha."

"Pole," alisema yule, kwa sauti ya mtu aliyefuzu vizuri.

Jambo hilo Claudette angelivumilia. Lakini mwezi huohuo hospitali ya wilaya ilitangaza inatafuta wauguzi wasaidizi. Mafunzo ya wiki kumi na mbili, wodini, na wagonjwa wenye miili, na kazi mwishoni. Claudette alisoma tangazo lile akiwa amesimama, kisha akakaa na kulisoma tena. Alikuwa amemuuguza mama yake miaka minne. Alijua kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza. Kwa mara ya kwanza tangu mashine namba tatu izimwe, kulikuwa na kitu alichokitaka kwa moyo wake wote. Ada ilikuwa ya Bodi kulipa. Alijaza fomu kwa mwandiko wake bora, na baada ya siku tisa fomu ikarudi ikiwa na muhuri mwekundu: MWOMBAJI ANA KAZI.

"Nenda kwenye kikao cha Bodi ukawaambie," alisema Kelsey, macho yamemwiva. "Watakuja Jumatano."

Wajumbe wa Bodi walikuwa kumi na watatu. Kulikuwa na mwenye mahoteli, mwenye benki, mwanamke aliyeuza mabwawa ya kuogelea katika jimbo lenye kiangazi cha wiki kumi, na wengine wa namna hiyo. Walikuwa wakisimamia kazi za watu na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuomba kazi. Mwenyekiti, Prescott Haines, alirithi kwa baba yake maduka sita ya magari pamoja na kile kiti. Basi lao lilisimama dakika kumi kando ya uwanja. Hawakushuka, kwa sababu ya baridi. Walipiga makofi ndani kwa ndani, pumzi zao zikitia ukungu vioo, kisha wakapelekwa kwenye klabu ya gofu, kulikoandaliwa supu ya kamba na kikao.

Mwananchi aliruhusiwa dakika tatu. Claudette alisimama, na mwenzake, aliyepewa ruhusa kazini, akasimama kando yake. Hakuna aliyeshangaa. Mwenyekiti alivaa miwani.

"Nani kati yenu ni Claudette Pelkey?"

"Mimi," alisema Claudette.

"Mimi," alisema mwenzake. "Nimepata ajira endelevu yenye tija."

Wajumbe watatu waliandika maneno hayo.

"Mheshimiwa, huyu hafanyi kazi," alisema Claudette. "Anasimama kwenye majani. Mimi naomba kwenda kusomea uuguzi, mnaniambia nina kazi. Kazi anayo huyu, na yenyewe haipo."

"Mama, tulia."

Claudette alihesabu hadi kumi, kama alivyofundishwa na Bodi. Alipofika kumi hasira ilikuwa palepale, na dakika zake zilikuwa zimepungua.

"Mama yangu alilala kitandani miaka minne," alisema. "Alipokufa alikuwa na kidonda kimoja tu mgongoni, kidogo kama kifungo cha shati. Muulizeni huyu kama anajua kumgeuza mgonjwa."

Mwenyekiti alimgeukia yule mwingine. "Unajua?"

"Ninao ujuzi unaohamishika."

"Safi sana," alisema mwenye benki.

Mwanasheria wa Bodi aliombwa maoni. Alisema Bodi haina uwezo wa kisheria wa kumtambua mtu isipokuwa kwa jalada lake, na jalada lilikuwa la aliyeajiriwa. Hoja ikatolewa kwamba huyo ndiye Claudette Pelkey. Wajumbe kumi na wawili waliunga mkono. Wa kumi na tatu alikuwa amesinzia, akaandikwa hakupiga kura.

"Na huyu mwingine?" aliuliza muuza mabwawa. "Tunamweka wapi?"

Mwenyekiti alifunua ripoti, akapitisha kidole ukurasa mzima.

"Hayumo humu," alisema. "Hongera, Claudette." Akampa mkono yule mwenye jaketi, picha ikapigwa, na kikao kikahamia ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa chakula.

Kabla ya Krismasi hospitali iliyafuta mafunzo yale kwa kukosa waombaji. Kila mtu Varney Falls alikuwa na kazi. Fungu la kituo liliongezwa.

Januari theluji ikaanguka siku tano mfululizo. Watu wa kwenye ripoti walikwenda uwanjani kama kawaida, wakasimama, theluji ikawafika magotini, kisha viunoni, na jioni ya siku ya nne walishindwa kujichomoa wakabaki hukohuko. Bodi ilikuwa inarudi na mpiga picha. Kelsey alipata kibali cha vibarua wa kusafisha uwanja, ujira mkononi, bila majina.

Claudette alikwenda. Alikwenda na Armand na wengine sita, kila mtu na beleshi lake, asubuhi kabla jua halijashika. Walianza mstari wa mbele. Armand alijichimbua mwenyewe kwanza, akihema, akifuta kamasi kwa glovu.

"Mshenzi, hata asante hasemi," alisema.

"Kwani wewe huwa unasema?"

Saa nne hivi Claudette alifika kwenye jaketi lake. Alichimba kushoto, akachimba kulia, akashusha theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwenzake alikuwa ametazama mbele, mtoni. Beleshi lilipogusa kiatu chake aliinua mguu mmoja, halafu wa pili, kama watu wa maofisini wanavyomwinulia miguu mfagiaji, bila kumwangalia. Claudette alikwangua pale chini, akajinyoosha mikono kidogo, akahamia kwa aliyefuata.