Mche Mbele ya Jaji

Nilishinda kesi Mahakama Kuu, nikatoka bila leseni. Wanaonijua pale Chilangala wataelewa jinsi hasira zilivyonipanda, maana mimi Pili, Mama Mujibu, sikujaliwa subira nyingi.

Kazi yangu ni kitalu cha miche ya mikorosho. Mimi na marehemu mume wangu, Ashiru, tulikuwa tunajaza udongo kwenye viriba, tunaotesha mbegu, kisha tunabebesha: unakata kikonyo kutoka mkorosho mzazi uliothibitishwa, unakifunga juu ya mche mchanga, na mche unafuata tabia za mzazi huyo. Leseni tulipewa na Mamlaka ya Vitalu, ofisi yao iko Masasi, na kila mwaka lazima ihuishwe. Bila leseni huuzi hata mche mmoja.

Ashiru akafariki. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba. Wiki ya tatu wakaguzi walifika kitaluni, wakakuta tuta la nne lina miche ya aina mbili chini ya kibandiko cha aina moja. Ikaja barua: nifike Masasi ndani ya siku kumi na nne nijieleze. Nikajibu kwa mkono wangu mwenyewe: niko eda, njooni nyumbani au nisubirini nitoke, nina la kusema. Shemeji yangu Shamte akaipeleka, wakaigonga mhuri wa kupokelewa, akarudi na nakala. Siku ya kumi na tano wakakataa kuhuisha leseni. Waliandika kwamba nimekaidi wito. Mwanamke kafiwa, yuko ndani, eti kakaidi!

Eda ilipokwisha nilikwenda Masasi, mtaa wa Mkomaindo, kwa Wakili Devotha, binti wa Bukoba, mdogo wa umbo na mkubwa wa kicheko. Aliisoma ile nakala mara mbili, akaniambia, "Mama Mujibu, hii itunze kuliko hereni zako."

Tukaomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa Mamlaka. Siku mahakama hiyo ilipokuja Masasi kusikiliza kesi, niliamka alfajiri, nikachagua miche miwili mizuri kuliko yote, nikapanda nayo basi ikiwa kwenye ndoo. Devotha aliponiona mlangoni alishika kichwa.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Ushahidi."

"Jaji hakuja kukagua miche!"

Sikumsikiliza. Niliingia nayo, nikaiweka miguuni.

Jaji, mama mtu mzima mwenye miwani, akaiona na kuniuliza. Nikasimama. "Miche yangu, mheshimiwa. Itazame majani, uniambie kama ni miche ya tapeli."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. "Kaa, mama. Mimi sijui mche mzuri wala mbaya. Wanaojua ni Mamlaka, na sitawanyang'anya kazi yao. Mimi naangalia njia waliyopita mpaka wakaamua." Akamgeukia wakili wa serikali. "Mhuri huu ni wa Mamlaka?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Walimjibu?"

Wakili akapekua faili lake. "Sioni jibu humu, mheshimiwa."

"Walikwenda nyumbani kwake?"

"Hapana, mheshimiwa."

Wiki tatu baadaye hukumu ikasomwa. Uamuzi wa kuninyima leseni ulitenguliwa, kwa kuwa sikusikilizwa. Nikapiga kigelegele mpaka karani akaniomba nishike adabu. Kumbe sikuwa nimesikia mwisho wake: Mamlaka inisikilize ndani ya siku thelathini, kisha iamue upya.

"Sasa nimeshinda nini?" nikamfokea Devotha tulipotoka nje. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mizizi ilishaanza kutoboa viriba.

"Umeshinda kusikilizwa."

"Mimi nilitaka leseni!"

"Soma barua yako, mama."

Nikaisoma pale pale barabarani, bodaboda zikinipigia honi. Kweli niliandika kwamba nina la kusema. Nikaona haya, maana hilo la kusema sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Devotha mwenyewe.

Siku yangu ya kusikilizwa na Mamlaka ikafika. Ofisa aliyetia sahihi ya kuninyima leseni anaitwa Pancras, kijana wa rika la mwanangu Mujibu. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, mama."

Nilitaka kumnyima itikio, nikashindwa. "Marahaba."

Akanivutia kiti, akafungua faili, akashika kalamu. "Nieleze habari za tuta la nne."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Yakatoka mengine. Nikamwambia tuta lile alibebesha Ashiru, wiki zake za mwisho. Macho yalishaingia ukungu, mikono inatetemeka, lakini hakukubali kulala wakati kazi ipo. Nilimwona akichukua mara vikonyo vya furushi hili, mara vya lile la aina nyingine. Ningemwambia, angeacha kazi akajilaza, na nilijua akilala haamki. Nikanyamaza, nikawa nampa nailoni za kufungia.

"Nilijua imechanganyika," nikasema. "Sikukusudia kuiuza. Nilishindwa kuing'oa tu."

Pancras aliandika kurasa mbili, kisha akanisomea yote, neno kwa neno, na jina la Ashiru likiwemo. "Ndivyo ulivyosema, mama?"

Nikalia. Tangu msiba watu walinifariji sana, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Ndivyo."

"Ilinipasa nije nyumbani kwako," akasema taratibu.

"Ilikupasa," nikamjibu, na hasira zangu zikaishia hapo.

Baada ya wiki moja uamuzi mpya ukatoka: leseni imehuishwa, ila miche ya tuta la nne isiuzwe. Devotha akaniambia nikitaka tunaweza kulipinga sharti hilo. Nilimcheka. Mvua ya kwanza ilipoloweka ardhi, mimi na Mujibu tuliibeba miche ile, tukaipanda yote nyuma ya nyumba. Nilikuwa na raha ambayo sikuipata hata siku ya kigelegele.

Mujibu aliinuka na jembe lake, akauliza hii ni mikorosho ya aina gani hasa.

"Ya baba yako," nikamwambia.