Sifuri ya Mto Mwelesi

Niliota usiku wa jana kwamba Mto Mwelesi umeitwa kwenye mkutano wa hadhara, nao umefika mapema kuliko watu wote.

Umeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya darasa la nne, katika shule yetu ya mlimani, unachuruzika taratibu. Hakuna anayeshangaa. Mwanamke mmoja anausogezea beseni ili sakafu isilowe.

Mwenyekiti wa mkutano ni Muhuri, ule wa kugongea barua za serikali. Amevaa tai. Kila akimaliza kusema, anaruka na kugonga meza, pah! na alichosema kinakuwa sheria.

"Mashamba ya maua kule bondeni yanauomba mto huu," anasema. "Serikali haitaki dhuluma. Kila kaya itataja mto una thamani gani kwake. Tukijumlisha, thamani yenu ikizidi ya maua, mto unabaki. Ikipungua, unaondoka." Pah!

"Magunia kumi ya maharage!" anapaza sauti jirani yetu, Mama Zihirwa. "Na ndizi! Andikeni na ndizi, msinidhulumu."

Mita ya maji iliyotundikwa ukutani inakimbiza tarakimu zake. Mto unainamisha kichwa kwa adabu, kama mgeni anayesifiwa mbele ya watu.

Nyuma ya darasa wamesimama wasiozaliwa bado. Nao wamealikwa, ila kanuni inasema kila mwaka unaomtenga mtu na leo unampunguza kimo. Wa mwakani ni mfupi kidogo tu. Wa miaka kumi ijayo wanaishia magotini. Wajukuu wa hao ni punje za mtama, wamepangwa dirishani wasije wakakanyagwa.

Mmoja wa magotini ananitazama. Ni msichana mwenye kanga ya ukubwa wa leso.

"Shikamoo, baba."

Mimi sijaoa. Lakini sauti ile naijua. Ni ya mama yangu, Nakiete, tuliyemzika mwaka juzi. Na kwetu Upare binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, kwa hiyo simuulizi anaitwa nani.

"Marahaba," nasema. Natamani aseme tena, neno lolote. Hata anitume chumvi dukani nitakwenda mbio, na chenji nitarudisha.

"Kaya ya Mrutu!" anaita Muhuri. "Ndugu Heriel, taja."

Nasimama. Kwetu maji hayatajiwi thamani. Tuna ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya mto, na kila kaya ina siku yake ya kuchomoa kizibo ili maji yateremke shambani. Yetu ni Jumanne. Mpaka leo inaitwa Jumanne ya Nakiete. Zamu huazimwa, zamu hurithiwa. Aliyewahi kuuza ya kwao hakualikwa tena hata msibani.

Basi naweka mkono kifuani na kuwarushia beti:

"Mto wetu si bidhaa, haupimwi kwa mizani,
Nikiuza akataa, mama yangu kaburini."

Darasa zima linapiga vigelegele. Mto unafuta uso.

"Beti nzuri," anasema Muhuri. "Namba?"

"Hiyo ndiyo namba yangu."

Mita inakohoa. "Nimehesabu mizani thelathini na mbili, mheshimiwa. Niandike thelathini na mbili?"

"Thelathini na mbili za nini?"

"Hajasema."

"We Heriel, taja chochote!" anafoka Mama Zihirwa. "Sema ng'ombe! Sema ng'ombe mia, nani atakuja kuwahesabu? Acha maringo yako!"

"Mama Zihirwa, wewe umeuza Mwelesi kwa maharage!"

"Mimi nimeutetea kwa maharage! Wewe umeutetea kwa mdomo!"

Nawaka. Namgeukia Muhuri. "Msiandike kitu kwenye jina langu. Mto huu hauna bei. Andikeni hivyo."

"Hauna bei," anarudia Muhuri kwa upole, anachukua chaki na kuandika ubaoni: 0. Pah!

Sifuri ile inazunguka. Inapanuka hadi kuwa kama gurudumu la trekta, na ndani yake naona bonde, na waridi zilizopangwa mistari hadi macho yanapoishia. Mita inajumlisha. Tumepungukiwa na kaya moja tu.

Mto unasimama. Unavua kandambili na kuziacha chini ya kiti.

"Nisamehe," nauambia. "Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua, mwanangu. Nimeheshimiwa sana." Kisha unajikunja, unapita katikati ya sifuri, na darasa linabaki kavu.

Si darasa tena. Tumesimama chini kabisa ndani ya ndiva, mimi na yule binti, juu ya tope la mwisho. Amekishika kizibo kwa mikono miwili.

"Baba, leo Jumanne?"

"Ndiyo."

"Nichomoe?"

Anachomoa. Panatoka upepo kidogo, basi.

"Uliulizwa nini kule, baba?"

"Thamani ya mto."

"Ukasemaje?"

"Nilikataa kuitaja. Kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

Ni sauti ya mama, ileile aliyokuwa akinisema nayo nikirudi na ndoo tupu. Tope linaanza kukauka, na kadiri linavyokauka ndivyo anavyopungua. Ananishika suruali asipotee. Nainama nimwinue.

"Shemeji! Shemeji Heriel!" Ni Namkunda, mke wa kaka yangu, anagonga dirisha. Jua limeshatoka. "Amka basi! Wale watu wa tathmini ya mto wameshafika shuleni, wanaita kaya kwa kaya. Wanauliza wa kwa Mrutu atasema nini."

"Nakuja."

Nachukua suruali msumarini. Niliifua juzi, na nyumba hii haina mtoto. Kwenye goti la kushoto kuna vidole vitano vya tope, vyembamba kama njiti za kiberiti. Navigusa. Bado vibichi.

Naivaa hivyohivyo.

"Namkunda," naita nikifunga mkanda, "ng'ombe mmoja siku hizi anakwenda bei gani?"