Mkwe Ndani ya Kioo cha Kamera

Jailos alizikwa Tukuyu wakati wa masika, na mkewe Atuganile hakulia. Lori lilimpindukia karibu na Igawa, wala hakuacha hata picha moja. Atuganile alipika, akafua, akalala, akaamka. Kufikia Juni sura ya mumewe ilikuwa imeanza kumtoka kichwani. Shati lake la kaki alilikumbuka, hata namna alivyofunga viatu, lakini mahali pa uso palikuwa patupu.

Watu walisema Jailos na baba yake, mzee Saulo, ni uso mmoja. Lakini Atuganile hakuwahi kumwona mzee. Kwao Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe; akimsikia anakuja huchepuka, huinama, hujifunika. Kwa miaka sita ya ndoa aliijua miguu yake tu.

Basi akaenda Mbeya mjini, akajifunza kupiga picha kwa fundi Silvester. Sababu hakumwambia mtu.

Kamera ya Silvester ilikuwa na macho mawili. "Hii huielekezi kama bunduki," alisema. "Unaining'iniza kifuani, unainama, unatazama kioo hiki cha juu. Mwanga ukiwa mkali, punguza tundu la lenzi. Ukiwa hafifu, fungua, la sivyo unampaka mtu masizi. Na kichwa usikikate! Mwalimu Philbert, uliyemkata juzi, ameniuliza kama siku hizi tunapiga picha za tai za shingoni tu."

Atuganile hakucheka. "Nimesikia, fundi."

Mwezi wa nane wifi yake Atuganile, Rozalia, dada yake Jailos, akamleta mzee Saulo studio. Mzee alisema hataki kufa bila picha kama mwanawe. Silvester akashika kamera, na hapo sauti ya Atuganile ikatoka nyuma ya pazia alikojificha.

"Wifi, mwambie baba naomba nimpige mimi."

Mzee akamgeukia binti yake, ingawa wote walikuwa wamesikia. "Muulize, amerukwa na akili?"

"Mwambie baba kamera hii humtazami mtu. Unainama."

"Anainama?"

"Anainama, baba," Rozalia akasema. "Kama anayechambua maharage."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Mzee akafikiri. Fimbo yake iligonga sakafu mara mbili, na Atuganile akajua kwamba akiondoka leo, hatarudi tena.

"Basi apige. Ila akiinua kichwa, naondoka."

Atuganile akatoka nyuma ya pazia amejitanda kanga, ameinama kama alivyoinama miaka yote sita. Ndani ya kioo akaona goti, kisha koti, kisha uso. Mzee alikuwa pembeni, upande wa kushoto. Atuganile akakumbuka kwamba wanatazamana, hivyo kulia kwake ni kushoto kwa mzee.

"Mwambie baba asogee kushoto kwake kidogo."

Mzee akasogea, akatoka kabisa kwenye kioo.

"Kioo kinageuza kushoto na kulia!" Silvester akafoka. "Mara ngapi nimekwambia?"

"Kulia, wifi. Mwambie arudi kulia."

"Amwulize kwanza fundi kulia ni wapi," mzee akanung'unika, lakini akarudi. Atuganile akabonyeza.

Alasiri waliingia chumba cha giza, Rozalia naye akajipenyeza. Chini ya taa nyekundu Atuganile aliizamisha karatasi ya picha kwenye dawa, akaitikisa trei. Nyusi zikatokea kwanza. Kisha pua, kisha mdomo.

"Kaka!" Rozalia akapiga kelele, akajishika kichwa. "Kaka yangu, jamani!" Akajikunja mlangoni akilia.

Atuganile akatazama. Aliona mzee mwenye pua pana na kovu juu ya jicho. Alimtafuta Jailos ndani yake, na hakujua hata ni nini anachokitafuta.

"Itoe, inakuwa nyeusi!" Silvester akasema.

Akaitoa kwa kibanio, akaipitisha kwenye maji, kisha kwenye dawa ya pili, akahesabu dakika kama alivyofundishwa. Kilio cha wifi yake alikisikia kama redio ya jirani. Picha ilipokuwa tayari aliiweka kwenye beseni la maji safi na kuwasha taa nyeupe.

"Wifi," akasema. "Njoo unionyeshe anafanana naye wapi."

Rozalia akamkodolea macho. Kisha akajifuta kamasi, akasogea, akaweka kidole juu ya maji.

"Hapa. Mdomo huu, unavyopanda upande mmoja."

Atuganile akautazama mdomo ule kwa muda mrefu.

"Na wapi tena?"