Kopo la Pini

Kengele ya pili ilipolia, mwalimu wa darasa la pili alikuwa bado juu ya kiti, anabandika picha ya kiboko kati ya jogoo na mchoro wa meno. Ukuta wake haukubakiza pa kupenyeza kidole. Ulikuwa na herufi za kadibodi, nambari, ramani, siku za juma na matunda ya rangi zote. Mwaka uliopita ukuta huo ulikosa zawadi ya ukuta bora kwa sababu mkaguzi aliona kona moja tupu, na mwalimu hakuisahau aibu ile.

Kwenye dawati la mbele alikaa msichana ambaye wenzake walimwita Macho Mazima. Jina lilitoka kwa daktari wa macho, aliyempima akasema macho yake ni mazima kabisa. Daktari mwingine alieleza baadaye kwamba tatizo liko kwenye ubongo: macho yanaleta, ubongo unazidiwa. Vitu vikiwa vingi anaona vurugu tupu. Kikiwa kimoja, juu ya kitu cheusi, kikatikisika kidogo, anakiona vizuri.

Mama yake, fundi cherehani, alifika shuleni na kipande cha kitambaa cheusi. Alivaa kilemba cha njano, alichokivaa kila siku ili mwanawe asimpoteze kati ya kina mama wengine getini.

"Mwalimu, ukifunika hapa tu, karibu na ubao, halafu umwekee herufi mojamoja, atasoma. Nyumbani anasoma."

"Kitambaa cheusi kwenye ukuta wangu? Kwani tuna msiba, mama?"

"Daktari amesema ni ubongo."

"Basi si macho. Si ndivyo nilivyosema siku zote? Akazane."

Mama alikitandika kitambaa juu ya dawati la binti yake, akaaga.

Wiki hiyohiyo herufi zikaanza kuteremka. Ya kwanza ilijibandua, ikashuka kwa kushikilia mkia wa kiboko, ikavuka sakafu, ikapanda mguu wa dawati na kusimama kwenye kitambaa cheusi ikijitikisa. Msichana akaisoma. Ikaondoka, ikaja nyingine. Darasa lilikodoa, maana macho hayana pazia, kisha likachoka na kurudi kwenye hesabu. Kabla juma halijaisha msichana alikuwa amesoma sentensi nzima, ya paka aliyelala mlangoni, na akaicheka peke yake kwa furaha.

Alipomwambia mama kwamba sasa herufi zinamjia mojamoja, mama alidhani mwalimu ameridhia. Alimwombea mwalimu dua njema.

Mwalimu alikuwa amekereka. Herufi zilirudi ukutani na vumbi miguuni, zikajipanga shaghalabaghala.

"Nani kawafundisha kuzurura?" aliziuliza. Gundi ilishindwa kuzishika, na mkaguzi alikuwa njiani. Mwalimu akamwita msichana, akamwambia kwa sauti laini, "Kamwombe mama pini. Mwambie ni za darasa."

Mama alimimina zote kwenye kopo. Gauni la mteja lilibaki pindo linaning'inia, naye hakujali. Fadhila hulipwa kwa fadhila.

Kila herufi ilipata pini yake, katikati ya mwili. Rangi ilivuja kidogo. Mwalimu akaifuta kwa kitambaa cheusi, kwa kuwa kilikuwa karibu, kisha akakitupa pipani.

"Huu ndio ukuta!" mkaguzi alisema alipoingia. Alielekeza fimbo kwenye mstari ulioandikwa "Tunapenda kusoma", akamtaka mtoto wa mbele ausome.

Msichana aligeuka, akaona vurugu. Herufi zilijivuta kwenye pini hadi plasta ikalia. Ni "o" tu iliyochomoka, kwa sababu pini yake ilipita kwenye tundu. Ilishuka, ikapita kati ya viatu vya mkaguzi, ikasimama juu ya mbao tupu za dawati ikijitikisa kwa nguvu zake zote.

"O," msichana akasoma.

"Endelea."

Akasubiri. Hakuna nyingine iliyokuja.

"O," akarudia, kwa sauti kubwa zaidi na matamshi mazuri. Darasa likaangua kicheko.

"Macho yake yalipimwa, ni mazima," mwalimu alinong'ona.

"Basi ni uvivu," mkaguzi akasema bila hasira. Aliipisha "o" iliyokuwa ikishuka, asiikanyage, akatoa zawadi. Msichana akahamishiwa dawati la nyuma, ili wanaotaka kusoma wapate nafasi.

Getini alikiona kilemba cha njano, akakikimbilia. "O" ilimfuata nyuma.

"Pini zimesaidia?" mama aliuliza, akipokea kopo tupu.

"Mwalimu anasema zimesaidia sana. Ukuta umeshinda."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye hakushikika."

Mama aliinama, akaichunguza "o" kwa jicho la fundi, akaona tundu.

"Kosa langu. Nilitoa pini nyembamba," alisema. "Kesho nitakupa zenye vichwa vikubwa, umpelekee mwalimu."