Uzi wa Inabi

Mwanangu Inabi walimleta kwa mashua, kalazwa juu ya ubao na kuviringishwa kwenye turubai kama mzigo wa tumbaku, halafu kaka yangu Olokindi akataka nishukuru.

"Waskoti hawana kawaida ya kurudisha maiti, dada. Wametuheshimu."

Nikamwambia afunge mdomo. Maiti ni yangu.

Kwetu mtu hafukiwi udongo puani. Anatundikiwa ndani ya kaburi machela yake ya pamba, yale aliyokuwa akilalia, yanapangwa magogo juu, ndipo udongo unafuata. Kisha tunatandaza uzi wa pamba kutoka kaburini hadi ng'ambo ya mto, roho iushike na kuvuka. Lakini kabla ya yote hayo mama anakaa kando ya machela na kumwimbia marehemu maisha yake, tangu alipokuwa tumboni. Roho inafuata wimbo. Ukiruka kipande, inasimama hapo hapo inangoja, na kubuni ni marufuku.

Mimi maisha ya mwanangu nilikuwa nayajua hadi siku aliyochukuliwa tu. Alikuwa bado ananyoa kwa kujifurahisha, maana ndevu hana.

Enzi za ujana wetu kila mfalme aliutaka ufuo huu. Wahispania walikuwa na ngome zao, Waingereza na Wafaransa walikuwa wanapita kunusa. Wakaja Waskoti, wakajenga, homa ikawapukutisha, njaa ikawamaliza. Walishaanza kupakia merikebu zao waondoke zao. Olokindi ndiye aliyesimama kwenye nyumba ya baraza akasema tuwalishe, tuwafiche, tupigane nao bega kwa bega, kwa sababu watu wachache na dhaifu watabaki kuwa wageni wetu, ila Mhispania atakuwa bwana wetu. Baraza zima likamkubalia. Tukawapelekea ndizi na nguruwe pori. Mhispania akafukuzwa, kweli. Wale wachache wakaongezeka.

Mwishowe wakataka kila kijiji kitoe mtoto wa kusomea mjini kwao. Olokindi akamchagua wangu.

"Mtoto wa kiume ni wa kuondoka tu," akaniambia siku ile. "Akioa si atahamia kwa mama mkwe?"

"Mama mkwe anakaa kule ng'ambo ya kijito, kaka. Hata akimfokea ningesikia."

Basi nikakaa kwenye kigoda. Wanawake wakampaka Inabi rangi nyekundu usoni, wakafukiza kakao, nikaanza. Niliimba alivyokuwa ananiumiza mbavu kwa mateke. Niliimba alivyomwonea huruma kasa akamwachia, tukalala na njaa, nikamchapa. Niliimba mtumbwi uliomchukua, na yeye haniangalii kwa sababu analia. Wimbo ukakatika pale pale. Wanawake wakaningoja, na mimi sina kitu.

Olokindi akainama karibu yangu. "Sema alisoma, alikuwa na afya, alipendwa. Basi."

"Wewe ulimwona?"

"Dada, angekuwa Mhispania angemuua zamani."

"Na huyu hapa yuko hai?"

Akaenda kukaa mlangoni.

Aliyeisindikiza maiti alikuwa mama mmoja wa Kiskoti, Elspet, mfua nguo wa pale shuleni, mikono imebabuka kwa sabuni. Lugha yetu anaijua ya sokoni. Nikamwita nikamkalisha chini.

"Niambie mwanangu aliishi vipi. Usinipambie."

"Alikuwa mkimya, mama. Tulimwita Archibald." Akafikiri sana. Masikini, alitaka kunipa kitu. "Uji wetu hakuupenda. Alibeba marobota bandarini. Alipoanza kukohoa wakamweka chumba cha peke yake." Halafu akatabasamu kidogo. "Alikuwa na mchezo wake. Kila jioni anafunga uzi kwenye mguu wa kitanda, anautoa hadi dirishani, upande wa milima hii ya kwenu. Mimi asubuhi nikija kufagia naukuta, naukunja, nauweka mfukoni. Jioni kafunga mwingine. Anachomoa nyuzi za shati lake."

Wanawake wote wakamgeukia. Elspet akatuangalia mmoja mmoja, hajui alichosema.

"Na siku ya mwisho?" nikamuuliza.

"Alishindwa kuinuka. Akaniomba nimfungie mimi." Tabasamu likamtoka. "Nikadhani ni homa, mama. Nikamwambia alale."

Sikumtukana. Angejuaje? Akatoa mfukoni kidonge cha nyuzi, vipande vya shati, akanikabidhi kwa mikono miwili. Alivitunza vyote.

Nikarudi kwenye kigoda. Nikaimba: mwanangu alifunga uzi, asubuhi ukaondolewa. Akafunga tena, ukaondolewa. Niliimba hivyo kwa miaka yote nisiyoijua, koo likawaka moto, hakuna mwanamke aliyethubutu kunipokea wimbo. Nikaimba na mwisho wake, kwamba aliomba afungiwe na hakufungiwa.

Alipozikwa niliziunga zile nyuzi za shati. Zikatoka kaburini, zikaishia matopeni kabla hata ya maji. Kila kipande kilikuwa kifupi, maana chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Nikafumua machela yangu ninayolalia, nikaunga hapo. Olokindi akaja kuishika ncha aivushe mto, machozi yanamtiririka, na maji yanamfika kifuani. Nilimwachia aishike. Sikumbembeleza.

Uzi ukafika ng'ambo. Tukausubiri utikisike, kama unavyotikisika roho ikipita. Haukutikisika, wengine wakachoka wakaenda kula. Elspet alibaki na mimi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama sasa ni sawa.

"Mwanangu alifia mjini, mama," nikamwambia. "Labda bado yuko kule dirishani, anangoja uzi."