Mfungwa wa Jogoo Mweupe

Askari walimleta yule mama asubuhi ya ukungu, ndani ya gari la farasi lililofungwa mapazia. Kabla Thomasin Wade hajamaliza kujifuta unga mikononi, nyumba yake ya wageni, Jogoo Mweupe, ilikuwa imegeuka jela. Wageni wote walitolewa nje, hata mfanyabiashara wa sufu aliyekuwa bado anatafuna. Watu wenye bunduki wakasimama kwenye kila ngazi. Kapteni wao, mtu mrefu aliyeitwa Rudd, akamwambia Thomasin kwamba chakula kitafikishwa mlangoni pa chumba cha juu na basi. Asitake kuona, asitake kuuliza.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Coventry nzima ilishajua. Huyu alikuwa Malkia wa Waskoti, Mkatoliki, aliyekimbilia Uingereza kuomba hifadhi kwa binamu yake, Malkia Elizabeti, akaishia kifungoni. Kosa lake lilikuwa damu yake. Watu wa dini ya zamani walisema kiti cha enzi ni haki yake, na kwamba Elizabeti, Mprotestanti, ni mtoto wa nje ya ndoa. Sasa mabwana wa kaskazini walikuwa wameinua jeshi na kushuka kuja kumtoa, ndiyo maana alihamishwa mbiombio.

Thomasin alijua Uingereza ikoje chini ya malkia Mkatoliki. Mumewe, mshona kofia mpole asiyeweza hata kumfokea mbwa, alikataa Misa zama za malkia aliyemtangulia Elizabeti, akachomwa moto akiwa hai nje ya kuta za mji. Thomasin alisimama pale mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, nyama ikiungua jikoni alitoka nje.

"Mama Wade," Kapteni Rudd alimwambia mchana ule, akinywa bia yake wima, "nimesikia habari za marehemu mumeo. Kwa hiyo wewe nitakuambia. Vurugu yoyote ikitokea hapa, mlio mmoja tu wa bunduki, vijana wangu pale mlangoni wanajua la kufanya. Hatoki hai. Afadhali maiti kuliko malkia mkononi mwa wale waasi."

Alimtazama kama mtu aliyeleta zawadi. Thomasin akaitikia, "Sawa, Kapteni," akarudi jikoni. Alishangaa kujikuta akikoroga chungu kitupu. Kwani si ndicho alichokuwa akikiomba miaka yote hii? Huko juu mtu alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu kisichokatika, kama cha mtu yeyote aliyelala kwenye chumba cha baridi.

Lambert, mdogo wake, alikuja alasiri. Alikuwa mtia rangi nguo, mikono ya buluu mpaka viwiko, na kwa kuwa kila siku alikuja kuchukua makapi ya kimea ya kulishia nguruwe, askari walimpitisha. Alimkuta dada yake kwenye chumba cha kupikia bia.

"Dada, lango hili la nyuma. Ufunguo unao wewe au wamechukua?"

"Ninao. Kwa nini?"

"Kengele ya jioni ikilia, usilifunge. Ni hilo tu. Wewe kaa jikoni, pika, imba, usijue kitu. Mimi na Piers Kettel tutapanda ngazi ya watumishi."

Thomasin akaweka ndoo chini. "Wewe una wazimu. Wawili? Na mafuta ya nguruwe mtabeba muwapake askari wateleze?"

"Cheka tu. Farasi wako tayari nje ya mji. Jeshi likifika halafu yeye yuko huru, nchi nzima itainuka."

"Itainuka, halafu? Utakuja kunisaidia kukusanya kuni, au na mimi nitafungwa kwenye mti huohuo wa mume wangu?"

Lambert aligeuza uso. Yeye hakuwahi kuiacha dini ya zamani, lakini askari walipomtafuta Thomasin baada ya mumewe kuchomwa, ni yeye aliyemficha nyuma ya mapipa yake ya rangi, Thomasin akiwa mjamzito, akaapa mbele ya padri wake mwenyewe kwamba hajui alipo.

"Sikuwahi kukudai kitu kwa ajili ya siku zile," alisema taratibu. "Na leo sidai. Naomba."

"Lambert, nisikilize. Wameamriwa wamuue. Mlio mmoja tu, wanamaliza. Kapteni kaniambia kwa mdomo wake."

"Kakutisha. Nani atathubutu kumuua malkia?"

"Basi na mimi nikikataa?"

"Tutaruka ukuta. Bila ufunguo wako tutaruka tu."

Thomasin alimwangalia na kuona hatanii. Akimripoti, atanyongwa. Akimwachia lango, ama yule wa juu atauawa, au atatoka na moto utawashwa upya. Akajifuta mikono kwenye aproni, polepole, akitafuta sauti ya kawaida.

"Haya. Lakini usikae nje kwenye baridi watu wakuone. Ingia stoo ya kimea sasa hivi, ujifiche humo. Kengele ikilia nitakufungulia mwenyewe."

Lambert akainama kupita mlango mfupi wa stoo, mtu mzima anayemwamini dada yake. Thomasin akaufunga mlango ule mzito, akateremsha komeo, akageuza ufunguo.

Kwanza Lambert alidhani ni tahadhari. Kisha akaelewa, akaanza kugonga.

"Dada! Fungua. Thomasin, fungua mlango."

Hatua za buti zikasikika uani. Thomasin akanyakua nyundo ya mbao, akaanza kuzipiga pete za pipa lililokuwa karibu, kwa nguvu zake zote. Kapteni Rudd akaingia, akasimama, akakunja uso.

"Kelele gani hizi?"

"Pipa linavuja, Kapteni. Au vijana wako wanataka kunywa sakafuni?"

Nyuma ya mlango Lambert alipiga tena. Thomasin akapiga pipa palepale, pigo la nyundo likifunika la ngumi.

"Acha kidogo," Kapteni alisema. "Wananchi wamejaa barabarani, na sipendi nyuso zao. Nimewaambia walinzi wa juu waweke mapanga wazi. Mtu akivuka ukuta tu, malkia wao anakuwa wa kwanza. Nataka ujue, usije ukaingia katikati na sinia lako."

Kule stoo kukawa kimya. Thomasin akajua mdogo wake amesikia.

Lakini Piers Kettel hakuwa amesikia. Kengele ya jioni ilipolia alilikuta lango limefungwa, akangoja, kisha akafanya walivyokubaliana. Akaparamia ukuta, akateleza kwenye unyevu, akaangukia rundo la mapipa matupu. Bunduki ikalia.

Thomasin hakukumbuka baadaye alivyopanda ile ngazi. Alipofika juu, mlango ulikuwa umeshasukumwa, walinzi wawili wameingia na mapanga, na ndani wanawake walikuwa wakilia kwa lugha ya kigeni. Mmoja hakulia. Alikohoa.

"Mwizi wa bia!" Thomasin alipaza sauti, akajipenyeza mbele ya walinzi mpaka ncha ya panga ikamgusa aproni. "Ni mlevi mmoja wa hapahapa mtaani, namjua, kila wiki anaruka ukuta wangu. Mtamuua malkia kwa ajili ya mlevi? Mtamwambia nini Malkia Elizabeti?"

Walimtazama Kapteni, aliyekuwa anapanda anahema. Kapteni alimkazia macho Thomasin muda mrefu. Mjane wa mtu aliyechomwa na Wakatoliki. Angekuwa na sababu gani ya kudanganya?

"Unamjua kweli?"

"Anaitwa Piers. Mchapeni viboko, namdai adabu siku nyingi."

Mapanga yakashuka. Piers, aliyejeruhiwa bega, alichapwa viboko uwanjani kama mwizi, naye alikuwa na akili ya kutosha kuomba radhi kwa wizi wa bia.

Lambert alifunguliwa alfajiri, vumbi la kimea limemjaa kichwani. Hakumpiga dada yake wala hakumkumbatia.

"Nimesikia kila kitu," alisema. "Ungenyamaza tu, wangemmaliza. Ungeondokana na hofu yako. Kwa nini hukunyamaza?"

"Sijui, Lambert. Usiniulize."

"Angetawala, ungemtii?"

"Ningekimbia. Nenda nyumbani, mkeo hajalala."

Siku chache baadaye habari zikaja kwamba waasi wamerudi nyuma. Malkia Elizabeti naye alikasirika kusikia mfungwa wa hadhi ile amewekwa kwenye nyumba ya kuuzia bia, ikaamriwa ahamishiwe nyumba nyingine mjini. Watu walijipanga barabarani. Wengine walitema mate gari lilipopita na mapazia yake. Thomasin alisimama mlangoni, hakujua amtakie nini.

Ndipo akamwona Lambert ng'ambo ya barabara. Alikuwa amevua kofia, ameinamisha kichwa, peke yake katika umati ule, na Kapteni Rudd, juu ya farasi wake, alikuwa ameanza kugeuka upande huo. Thomasin akavuka matope mbele ya farasi, akamnyang'anya mdogo wake kofia, akamkandamizia kichwani mpaka masikioni.

"Baridi yote hii," alisema kwa sauti ya kusikika, "halafu ukiugua nikuuguze mimi."

Kapteni akawatazama, akapita. Thomasin hakuuachia mkono ule wa buluu mpaka gari lilipokata kona.